Sahihi ya Ijumaa

Kila Ijumaa jioni kwaya ya watoto ilifanya mazoezi kanisani, na kila Ijumaa sauti yangu ndiyo iliyosikika mpaka barabarani. Ndiyo maana waliniita Kengele. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuna mtoto aliyehifadhi aya nyingi kama mimi, na wakati wa sala nilifumbua jicho moja kidogo kuona kama kuna mtu anayetazama jinsi ninavyosali. Nilijiona Mkristo wa kupigiwa mfano.

Nilikuwa katika darasa la ubatizo. Mwalimu wetu alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, ambaye hata Jumapili kucha zake zilikuwa na grisi. Yeye ndiye aliyetupangia zamu ya kumtembelea Bibi. Bibi huyu hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa mjane asiyeona, akiishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, kati ya ukuta wetu na ghala la mbao. Kila Jumamosi asubuhi mmoja wetu alikwenda kumchotea maji, kumfagilia na kumsomea sura moja ya Injili. Akimaliza, alitia sahihi kwenye daftari lililofungwa kwa kamba nyuma ya mlango wa kanisa. Mwalimu alilitazama kila Jumapili, akajua kuwa Bibi yu salama.

Tatizo ni kwamba Jumamosi kanisa lilifungwa. Ili utie sahihi, ilibidi uende mpaka karakana ya mwalimu, upande wa pili wa soko, ukaombe ufunguo, ufungue, usaini, kisha uurudishe. Nani ana miguu ya kuchezea hivyo? Kwa hiyo mwenye zamu alitia sahihi Ijumaa, baada ya mazoezi, daftari likiwa mbele ya macho yake. Wote tulifanya hivyo. Hatukuona kuwa ni uongo, kwani kesho yake tulikwenda kweli.

Ijumaa ile zamu ilikuwa yangu. Nilisaini kwa mwandiko mzuri, nikaweka na mkia wa madoido.

Jumamosi asubuhi nilikuwa njiani kwenda kwa Bibi, ndipo fundi cherehani aliponiita kutoka kibarazani kwake. Gauni langu jeupe la ubatizo lilikuwa tayari kujaribiwa, na ubatizo ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Naingia mara moja tu, nilisema. Lakini kiuno kilipwaya, mikono ikabana, ikabidi afumue na kushona upya huku mimi nikijigeuzageuza mbele ya kioo. Nilipotoka, jua lilikuwa la utosi na njaa inauma. Nikasema nitakwenda jioni. Jioni nikasema kesho. Bibi hakimbii, nilijiambia, nikacheka peke yangu.

Jumapili Bibi hakuonekana kwenye benchi lake. Kwa kawaida alikuja mwenyewe, akipapasa ukuta mpaka mlangoni. Mwalimu alikwenda nyuma ya mlango, akalisoma daftari, akarudi.

"Alitembelewa jana," alimwambia mchungaji. "Labda leo amejipumzisha."

Niliyasikia maneno yale. Nilitazama viatu vyangu. Kisha kwaya ikaitwa mbele, nami nikaimba kwa sauti yangu yote.

Jumatatu mama alirudi kutoka hospitali, ambako alikuwa akifua mashuka ya wodi. Alikaa bila kuvua kitambaa cha kichwani.

"Bibi wa kanisani ameletwa leo," alisema. "Wachukuzi wa ghalani walimsikia akiugulia maumivu, wakavunja mlango. Nyonga imevunjika. Alikuwa amelala sakafuni, midomo imepasuka kwa kiu."

"Tangu lini?" niliuliza.

"Yeye anang'ang'ania kuwa alianguka Jumamosi asubuhi na hakuja mtu. Lakini si mlikwenda? Daftari linasema hivyo. Mpwa wake amekuja, anasema akili zimeshamruka. Anataka kukifunga kile chumba ampeleke kwenye makao ya wazee wasiojiweza, huko mbali. Jumamosi hii wanaondoka. Bibi analia, hataki."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nililirudisha kwenye sahani.

Kesho yake nilimweleza rafiki yangu Mrefu, aliyesimama nyuma yangu kwenye kwaya. Alinivuta mpaka nyuma ya vyoo vya shule.

"Nyamaza kabisa," alisema. "Wote tunasaini Ijumaa. Ukifungua mdomo utatuponza sote, na wewe hutabatizwa. Kwani ukisema, nyonga itaunga?"

Nikanyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano. Gauni lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu, na nilijaribu kusali mara mbili nikashindwa. Aya zote zilikuwepo kichwani, hakuna iliyonisaidia. Niliogopa aibu, lakini zaidi ya aibu nilimwona yule mzee akisema kweli na dunia nzima ikimwita kichaa kwa sababu ya sahihi yangu.

Alhamisi baada ya shule nilikwenda karakanani. Mwalimu alikuwa akinyoosha gurudumu lililopinda.

"Mwalimu, Jumamosi sikwenda," nilisema. "Nilisaini Ijumaa."

Gurudumu liliendelea kuzunguka kidogo, kisha likasimama. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akafunga karakana mchana kweupe.

"Twende hospitali," alisema. "Nitasimama karibu nawe, lakini utasema mwenyewe."

Wodini nilimkuta mpwa wa Bibi, mwanamume mnene aliyeshika karatasi za ruhusa, pamoja na nesi. Nililia kabla ya kusema, kisha nikasema huku nalia: zamu ilikuwa yangu, sikwenda, Bibi hajachanganyikiwa, mwongo ni mimi. Mpwa alinitazama kwa hasira, nami nikaona ana haki.

"Ni Kengele huyo?" Bibi aliuliza kutoka kitandani. "Njoo karibu, mjukuu wangu."

Nikasogea. Aliushika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

"Jumamosi nilikusubiri, nikitega sikio kwa kila hatua ya mtu," alisema. "Jumapili nikasikia mnaimba. Sauti yako niliijua. Nikaita, nikaita, lakini mlikuwa mnaimba kwa nguvu."

Mpaka leo sijasikia neno lililoniumiza kuliko hilo.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini ilikuwa kiu mbaya."

Tulipotoka, mwalimu aliketi nami kwenye benchi la nje.

"Kosa langu pia," alisema. "Niliamini daftari, wakati nyumba yenyewe ipo hatua ishirini. Jumapili hii nitasema hivyo mbele ya watu wote. Lakini nikuambie jambo moja, mwanangu. Kumwimbia Yesu unajua, tena vizuri. Na unaamini, sina shaka. Ila kumfuata bado hujaanza. Jumapili Yesu alikuwa sakafuni kwa Bibi, upande wa pili wa ukuta, anakuita, na wewe unamwimbia. Kumfuata ni kwenda aliko, hata pale ambapo hakuna wa kukutazama."

"Basi Jumapili nisibatizwe," nilisema. "Kwanza nijifunze kwenda."

Aliitikia kwa kichwa.

Mpwa alikubali kumwacha Bibi arudi chumbani mwake nyuma ya kanisa, kwa sharti kwamba atatembelewa kila siku. Bibi hakusimama tena kwa miguu yake. Zamu ikawa ya kila siku, na Mrefu mwenyewe aliomba Jumatatu. Daftari lilihamishwa kutoka kanisani likafungwa kwenye kitanda cha Bibi, na sisi hatukusaini tena. Aliyesaini sasa alikuwa yeye, kwa kidole gumba, baada ya sura kusomwa.

Nilibatizwa miezi minane baadaye. Gauni lilikuwa fupi sasa, mama akaongeza kipande chini, na kilionekana. Nilipotoka majini watu walishangilia, wakataka kupiga picha. Lakini siku ile zamu ilikuwa yangu. Nikazunguka ukuta na nywele zinachuruzika, nikabisha hodi.

Bibi alinipapasa kichwani. "Umelowa."

"Nimebatizwa, Bibi."

"Mungu akushike, mjukuu wangu. Umekuja mapema leo." Akanyoosha mkono akanipa kitabu. "Haya, soma. Lakini kwanza nipe maji."

Nikampa maji, akanywa mpaka akatosheka.