Abiria wa Buick

Kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea upande wa kulia.

Sölve Haglund alisimama mlangoni mwa ghala akakikodolea macho. Fundi wa viti alikuwa amekishona upya siku nne tu zilizopita, ngozi nyeupe na nyekundu, sponji mpya, na hakuna aliyewahi kukikalia. Alikisugua kwa kiganja, kikainuka. Akaenda kuchukua kopo la nta. Aliporudi kilikuwa kimebonyea tena, palepale, kama kiti kilichokaliwa na mtu mwembamba. Tena kulikuwa na harufu. Kafuri, na sufi iliyoloa.

"Sponji mbovu," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Miaka minne alikuwa akiihangaikia Buick ile, gari la Kimarekani la mwaka hamsini na saba, tangu alipostaafu kiwanda cha mbao. Ilikuja ndani ya kontena kutoka Minnesota, injini imeganda, panya wamezaana kwenye buti. Yeye na rafiki yake Rauno waliifungua skrubu moja moja wakairudisha, wakatafuta kromu Ulaya nzima. Huku jimboni Värmland hilo si jambo la kushangaza. Kila Jumatano ya kiangazi magari makubwa ya Kimarekani hupanga foleni na kuzunguka mji polepole, vioo vimeshushwa, viwiko nje, hayaendi popote, na watu hukaa kwenye viti vya kukunja kando ya barabara wakila soseji na kuyashangilia.

"Gunvor," Rauno alimtania mke wa Sölve siku injini ilipowaka, "ukitaka mumeo akuguse, jipake kromu."

"Nilishajaribu," Gunvor alijibu. "Alinipiga nta akanifunika turubai."

Walicheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho.

Jumatano ya kwanza walitoka wawili, Gunvor mbele na chupa ya kahawa mapajani. Jua lilikuwa kali. Walipofika kwenye daraja, Sölve aliona kwenye kioo cha kutazamia nyuma kwamba madirisha ya nyuma yameingia ukungu, kwa ndani, kama ya jikoni panapochemshwa viazi. Kisha sauti ikatoka nyuma yao, sauti ya kikongwe, kwa lafudhi ya zamani ya watu wa msituni ambayo siku hizi haizungumzwi na mtu:

"Ni mbali bado?"

Gunvor alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye nyumba ya wazee. Swali hilo alikwisha kuulizwa mara elfu, na vikongwe wasiojua waliko, na mdomo wake ulijibu kabla akili haijaamka.

"Bado kidogo, bibi. Tulia tu, tutafika."

Kisha akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Sölve alisimamisha gari katikati ya daraja. Magari ya nyuma yakapiga honi.

"Umemjibu," alinong'ona.

"Nani? Sölve, nimemjibu nani?"

Ndipo alipomwambia alichomficha miaka minne. Aliyemuuzia gari alimwandikia barua. Mama yake huyo muuzaji alizaliwa huku huku Värmland, akaitwa Marta, akavuka bahari akiwa msichana, asirudi tena. Uzeeni akili ilimtoka. Kila asubuhi alijikokota hadi kwenye Buick, akakaa nyuma upande wa kulia akiwa amevaa koti, akangoja apelekwe kwao. Walimwacha, maana akitolewa alilia. Siku moja walipomwendea na supu walimkuta amekwisha kufa, amekauka.

"Ulijua," alisema Gunvor. "Ukaniweka mimi humu."

"Nilidhani ni hadithi tu. Nililitaka hili gari, Gunvor. Nililitaka mno."

Gunvor aligeukia dirisha. Alikuwa akijisugua mikono, kwenye jua lile, kama mtu anayesikia baridi.

Baridi ile haikumtoka. Wiki hiyo alivaa sweta ndani ya nyumba. Wiki ya pili akaanza kusuka nywele mikia miwili na kuizungusha kichwani, na kahawa akainywa kwenye kisosi, akiivuta kwa kelele kupitia kipande cha sukari alichokibana menoni. Mchana mmoja Sölve alimkosa jikoni, akamkosa bustanini, akaenda ghalani, na pale, mlango wazi na jua limejaa sakafuni na ndege wanalia nje kana kwamba hakuna baya lolote duniani, aliona kupitia kioo cha nyuma vichwa viwili vimekaa kando kando, kimoja kikiegemea kingine kama mtoto anavyomwegemea mamake, na alipozunguka gari na kuufungua ule mlango alioung'arisha kwa mikono yake mwenyewe, alimkuta mkewe peke yake, upande wa kulia, amevaa koti la baridi, mikono mapajani, akimtazama kwa adabu kama mtu anavyomtazama dereva.

"Tunaondoka lini, kijana?" aliuliza.

Rauno alimleta shangazi yake, Lempi, kutoka misitu ya Wafini. Alikuwa bibi mfupi aliyepita miaka themanini, na watu walimwendea kwa siri kutafuta dawa, hata wale waliomcheka hadharani. Gunvor akiwa kiti cha nyuma, Lempi aliingia kiti cha mbele na kipande cha mkate mweusi, akafunga mlango. Walimwona akisogeza midomo. Alipotoka jasho lilikuwa likimtiririka.

"Huyu si jini wa msituni," alimwambia Sölve. "Jini wa msituni ningemfukuza kwa moshi na chuma. Huyu ni maiti asiyejua kwamba amekufa, na mkeo amemwahidi kumfikisha. Amemshika kwa ahadi yake."

"Nilichome gari?"

"Ukilichoma atabaki ndani ya mkeo moja kwa moja. Mpeleke kwao. Mlangoni pake, si kando. Pale mmoja atashuka."

"Kwao wapi?"

Lempi aliinama dirishani. "Mama, nyumbani kwenu kunaitwaje?"

"Abborrnäs," Gunvor alijibu kwa sauti ile, na uso wake ukang'aa kama wa msichana. "Kuna mti wa tufaha mbele ya mlango."

Rauno alitazama chini. "Abborrnäs iko chini ya bwawa la umeme, shangazi. Walihamisha watu wote kabla sijazaliwa."

Lempi akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Bibi Lempi, tafadhali. Unaondoka hivi hivi?" Sölve alimuuliza.

"Unataka nikudanganye?" alisema, macho yamemlowa. "Sina dawa ya maji, mwanangu."

Sölve alikwenda hivyo hivyo. Asubuhi iliyofuata aliendesha Buick kaskazini hadi barabara ya zamani inapozama bwawani, lami ikiingia majini taratibu kama mteremko wa mashua. Rauno alikuwa amewaazimia mashua na ramani ya zamani. Sölve alimpandisha mkewe, akapiga kasia, akihesabu umbali kutoka kwenye kilima kilichochorwa, hadi alipoamini kwamba chini yao, mita ishirini, kulikuwa na mlango.

"Tumefika, mama," alisema. "Abborrnäs. Shuka sasa. Tafadhali."

Maji yalikuwa meusi na kimya kabisa, hakuna upepo, hakuna samaki aliyeruka, na mwanamke yule aliinama ukingoni akatazama chini muda mrefu sana, na uso wake ukapita mambo mengi, hofu, kisha kutambua, kisha kitu ambacho Sölve alikipokea kwa moyo wake wote kwa sababu kilikuwa tabasamu la Gunvor, lile la upande mmoja, likamtazama yeye hasa, midomo ikajaribu kutamka jina lake, na hapo hapo likazimika.

Mwanamke alijiinua, akaketi sawasawa, akaweka mikono mapajani.

"Ameshuka," alisema.

"Nani ameshuka?"

"Yule mama mpole. Nilimwambia mimi siwezi, maji ni baridi. Akasema basi atatangulia aone kama kuna mtu ndani." Alivuta koti shingoni. "Mlango ulikuwa wazi."

Sölve aliita. Aliita jina la mkewe juu ya maji hadi sauti ikakatika, akatia mkono hadi begani, akashika maji matupu. Hakuna hata povu lililopanda.

"Twende kwako, kijana," kikongwe alimwambia kwa upole. "Kule jikoni kuna joto. Hapa si kwetu tena."

Sölve alikaa na makasia mkononi, asijue ni kwa muda gani. Wazo la kumsukuma lilimjia, likakaa naye. Lakini vidole vilivyoshika koti mbele yake vilikuwa vidole vya Gunvor, pete ikiwa imelegea kwa kukonda, na midomo iliyokuwa ikiingia rangi ya buluu kwa baridi ilikuwa midomo yake. Sölve alivua jaketi, akamfunika mabega, akageuza mashua, akaanza kupiga kasia kuelekea ufukweni.