Fundi Cherehani na Hedhi Iliyopotea

Fundi cherehani alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi hadi jioni. Alishona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi. Mgongo ulimuuma, akauzoea. Lakini lilikuwepo jambo ambalo hakumwambia mtu. Hedhi yake ilikuwa ikipotea miezi mitatu, hata minne. Ndevu chache zilimwota kidevuni, naye kila asubuhi alijifungia bafuni kuzing'oa. Mumewe, fundi rangi, alingoja nje bila kuuliza.

Ndoa yao ilikuwa na miaka mitano, bila mtoto. Mama mkwe, jirani yao, alikwisha kuacha kuuliza. Kimya chake kiliuma kuliko maswali.

Siku moja mgongo ulikaza, fundi akashindwa kuinuka. Mumewe akampeleka kituo cha afya kwa mtaalamu wa viungo, mama mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Alimkanda taratibu, akimuuliza kila mara kama anaumia. Kisha akamuuliza kuhusu hedhi.  Fundi, uso ukiwa kwenye mto, akasema yote.

Mtaalamu hakushtuka. Alimwambia wanawake wengi wana hali hiyo, akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari. Huko alipimwa damu, na ovari zake, mahali mayai ya uzazi yanapokomaa, zikapigwa picha. Daktari akaeleza kwamba homoni zimepoteza uwiano, hivyo mayai hayakomai kwa wakati, na vijifuko vidogo vinaonekana kwenye ovari. Hakuna alichokosea. Akampa dawa, akamrudisha kwa mtaalamu.

"Mikono yangu italegeza mgongo na kukupunguzia maumivu," mtaalamu alimwambia. "Lakini kukandwa peke yake hakurekebishi homoni. Mwili wako unataka mazoezi."

Akamwelekeza atembee kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Mara mbili kwa wiki achuchumae na kusimama, na ajisukume ukutani kwa mikono. Kazini asikae muda mrefu bila kuinuka. Tena asikubali mtu amminye tumbo kwa nguvu akimwahidi mimba.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mume alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani unajifungia kunikwepa," alisema, akamshika mkono. Jioni ileile akavaa raba, wakatoka wote.

Wiki za kwanza mume ndiye aliyehema, akisingizia kokoto kiatuni. Mwezi wa tatu hedhi ikarudi. Wa nne ikaja tena, na wa tano. Ndevu hazikuisha, na mtoto bado, ingawa daktari alisema wakiwa tayari kuna dawa za kuwasaidia. Mgongo ulilegea. Fundi alilala usingizi mzuri.

Ndipo akaenda mwenyewe kwa mama mkwe, akamweleza kila kitu. 

"Mwanangu, umebeba haya peke yako miaka yote hii?" mama mkwe akasema.

Akamvuta, akamlaza kichwa mapajani, akampapasa mgongo polepole. Fundi akalia, machozi yaliyokawia.

"Kesho mnatembea saa ngapi?" mama mkwe akauliza baadaye.

"Saa kumi na moja jioni, mama."

"Basi nipitieni. Magoti yangu nayo yamekaza."