Lugha ya Tatu kwenye Kibodi

Kwenye kona ya skrini, pale panapoonyesha kibodi iko katika lugha gani, palizuka alama ya tatu. Mama Pacha aliisugua kwa kidole akidhani ni uchafu. Haikutoka. Ilikuwa mraba mtupu, hauna jina.

Ofisi ilikuwa ya wafasiri wawili tu, yeye na dada yake, na programu yao ilikuwa na adabu zake: ukibofya kisanduku cha kushoto, kibodi inageuka ya lugha ya wageni, ukibofya cha kulia, inarudi kwenye Kiswahili, wewe hugusi kitu. Lugha mbili, basi. Hii ya tatu nani kaileta?

"Dada, hii ni nini?"

"Iache hivyohivyo," dada alinong'ona bila kugeuka. "Usiibofye."

Kajuaje, na hata hajatazama? Mama Pacha akaondoa kidole. Huyu ndiye aliyemlea na kumfundisha kazi. Mwaka jana dada alipopotewa na usemi, akawa anabwabwaja maneno yasiyoeleweka na mtu, Mama Pacha ndiye aliyemlisha kwa kijiko, huku ana pacha wake wa kulea peke yake. Kisha asubuhi moja dada akaamka mzima, maneno yanamtoka kama cherehani, na wiki hiyohiyo akamwachia meza yake ya dirishani. "Programu ikikuuliza kama unapokea mipangilio yangu, bofya kubali," alimwambia. "Ya nini kuanza upya?" Mama Pacha akabofya. Nani husoma yale maandishi?

Mchana ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Umeme ukakatika, skrini ikazima, feni ikasimama, lakini kibodi haikusimama; vitufe viliendelea kuzama na kuinuka vyenyewe, taratibu, kisha mbiombio, kama mtu mwenye mengi ya kusema aliyenyimwa nafasi, na Mama Pacha, aliyetaka kupiga kelele, akahisi ulimi wake unapanda na kushuka kinywani kwa mwendo uleule wa vitufe, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kushoto wala ya kulia.

Mlinzi wa jengo ndiye aliyekimbia kumwita mganga, mama mnene mwenye simu tatu, zote akazizima mlangoni. Kufikia hapo ulimi ulikuwa umetulia kidogo.

"Kiti hiki kakukabidhi nani?" mganga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada."

"Nawe ukakubali?"

"Nilibofya tu."

Mganga akasonya. "Mwanangu, jini hili halikuja, limehamishwa. Halitoki mpaka aliyekupa aketi hapa alipokee mwenyewe. Na liwe leo, kabla halijaota mizizi."

Wote wakamtazama dada. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema inavyouma nguo yenyewe ikiwa ndiyo iliyokubeba mgongoni.

"Nisamehe, mdogo wangu," dada alisema. "Hujui ilivyokuwa. Nilishindwa kuomba hata maji."

"Maji nilikupa mimi, dada. Hukuwahi kuyaomba."

Dada alikitazama kile kiti. Akachukua mkoba wake, akasema watoto wanatoka shule, atawapitia yeye, akaondoka.

Mganga alisoma aliyoyajua mpaka jasho likamtoka. Umeme uliporudi, Mama Pacha alijaribu kuifuta ile lugha. Programu ikamjibu kwa upole kwamba haiwezi kuiondoa, kwa sababu inatumika.

Alifika nyumbani anahema. Pacha walikuwa sebuleni, mmoja kila upande wa mama yao mkubwa. Akafungua kinywa kuwaambia waondoke pale, huyo kamuuza mama yenu, lakini kilichotoka ni ile sauti, ndefu, kavu, na kadiri alivyolia ndivyo ilivyozidi kuwa ngeni, mpaka watoto wakajificha nyuma ya mama yao mkubwa, mtu wao pekee duniani aliyebaki na maneno.

"Mama mkubwa," mmoja alinong'ona, "mama anasema nini?"

Dada alikuwa ameelewa kila neno. Lugha ile aliiishi mwaka mzima.

"Anasema amechoka," alifasiri, akimfuta mtoto machozi. "Na kuanzia leo mnisikilize mimi."