Mtepe Ulioshonwa Saluni

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 3 Februari 2026, mwanamume mwenye upara alisimama kwenye kaunta ya duka la vipodozi Kawangware akiuliza bei ya sindano iliyopinda. Nyuma yake walikuwa wanawake saba. Wa kwanza kucheka alikuwa Daisy Amolo, msusi wa miaka ishirini na minane, aliyevaa gauni la manjano lenye mifuko mikubwa na raba nyeupe zilizosuguliwa zikang'aa.

"Buda, hiyo ni ya kushonea nywele," alisema. "Sasa wewe unashona gani?"

Duka zima likageuka kutazama kichwa cha mteja.

"Nashona mbao," alijibu.

"Mbao?"

"Za meli."

"Meli ya hapa Kawangware?"

"Ya Kibera. Naijengea pale mtaa wa Raila."

Hata muuzaji alicheka. Mteja hakucheka wala hakukasirika. Jina lake lilikuwa Mbuvi Kitheka, miaka thelathini na mmoja, seremala kutoka Kitui aliyekuwa na karakana Raila kwa miaka saba. Shati lake la buluu lilikuwa limepigwa pasi. Nyusi zilikuwa na vumbi la mbao. Alitoa simu akamwonyesha Daisy mchoro wa chombo cha matanga chenye shingo ndefu mbele.

"Huu ni mtepe. Vyombo vya zamani vya Lamu. Hauna msumari hata mmoja, mbao zilishonwa kwa kamba. Wa kubebea mizigo haujajengwa kwa karibu miaka mia. Kuna mama wa ukumbi wa maonyesho anataka mfano wake, sentimita themanini, na anataka ushonwe kweli. Siku ya kumpelekea atauweka kwa maji lisaa lizima nikiona. Ukijaa maji, hachukui."

"Na umefika wapi?"

"Nimepasua mbao tatu."

Daisy aliikuza picha kwa vidole viwili. Hakutazama tanga wala ile shingo. Alitazama mishono.

"Wewe unakaza shimo moja mpaka mwisho, alafu ndio unaenda kwa lingine?"

"Ndio."

"Ndio maana. Mimi nikimvuta mteja hivyo, analia. Pitisha uzi mashimo yote kwanza, ukiwa umelegea. Alafu kaza kidogo, rudi mwanzo, kaza tena. Kichwa chote kibebe pamoja."

Mbuvi alihesabu jambo kichwani. Kisha akauliza, "Jumatatu unafanya kazi?"

"Jumatatu saluni haina watu."

"Basi njoo uone nikikosea."

"Hivyo ndivyo mnatongozana huko Ukambani?"

"Hapana," alisema Mbuvi, na lilikuwa jibu la kweli hadi kesho yake.

Kesho yake alimpigia simu, kwa namba aliyopewa pale dukani, kumuuliza unene wa uzi. Keshokutwa alimpigia kumuuliza kama sindano huoshwa. Siku ya tatu hakuwa na swali, na alisema hivyo.

"Kwa hivyo umenipigia bure?" Daisy aliuliza.

"Ndio."

"Umekula?"

"Madondo. Yale maharagwe ya jana."

"Fundi, madondo kila siku? Utaota mizizi. Mimi niko na mteja wa rasta, anazitaka mpaka kiunoni."

"Mpaka kiunoni ni masaa mangapi?"

"Saba."

"Jaber," alisema Mbuvi. Ni neno ambalo Wajaluo humwitia mrembo.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Jirani yangu."

"Na akakuambia maana yake?"

"Aliniambia niseme tu, alafu ninyamaze."

Daisy alicheka mpaka mteja wa rasta akalalamika kwamba kichwa kinatikiswa.

Jumatatu tarehe 9 alifika Raila saa tatu asubuhi, akavuka mtaro kwa ubao, akaipata karakana kwa kufuata sauti ya randa. Ilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha moja. Mbao za mvule, zenye unene wa milimita nne, zilikuwa zimepangwa kwa namba. Mashimo yalikuwa mia nane na sitini, yote yametobolewa kwa drili. Daisy alivua viatu, akafunga leso kiunoni, akaketi kwenye kigoda. Mbuvi aliinamisha ubao kwa mvuke wa sufuria akaushikilia mahali pake. Daisy akapitisha kamba nyembamba ya makumbi ya nazi, akaikaza mara ya kwanza, akarudi mwanzo. Ubao ulisogea, ukamkaribia mwenzake, ukatulia bila kupasuka.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sema asante."

"Asante, Daisy."

"Asante Daisy nani?"

"Asante Daisy jaber."

"Endelea hivyo hivyo utaenda mbali."

Alirudi tarehe 16 akiwa na sketi ya kitenge na chapati sita. Tarehe 23 alirudi akiwa amebadilisha nywele, na Mbuvi aliligundua hilo baada ya dakika arubaini. Daisy alimwambia kwamba kwa mtu anayepima kila kitu kwa milimita, ile ilikuwa aibu. Alasiri hiyo, mishono ya upande wa kushoto ilipokamilika, Mbuvi alimbusu. Kisha wote wawili wakarudi kazini, ingawa Daisy alirudia shimo moja mara mbili.

Jumamosi tarehe 28 Mbuvi alikuwa peke yake. Aliuminya mtepe kwa viganja kuupima, na karibu na shingo mbao mbili zikaachana. Pengo lilikuwa la milimita moja. Alilipima mara tatu. Katika miaka saba hakuna kabati wala kiti chake kilichowahi kurudishwa, na vyote viliunganishwa kwa gundi. Saa kumi jioni alifungua kopo la gundi nyeupe, akapaka ndani ya viungo tisa, akapangusa iliyofurika. Hakumpigia Daisy.

Jumatatu tarehe 2 Machi Daisy aliketi kwenye kigoda chake, akashika kamba ya karibu na shingo, akavuta. Akavuta tena.

"Mbuvi, huu ubao hausogei."

"Labda umeshakaza."

"Kitu kilichokazwa bado husogea kidogo. Huu umekufa." Alipitisha ukucha ndani ya kiungo, akatoa kipande kigumu, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. "Umepaka gundi."

"Kidogo tu. Ndani. Haionekani."

"Sijauliza kama inaonekana."

"Daisy, iliachana. Ningefanya nini?"

"Ungenipigia. Unanipigia kuniuliza kama sindano inaoshwa, na hiyo umeshindwa?" Alikuwa amesimama. "Mimi nimekuwa nikifanya nini hapa kila Jumatatu? Napamba? Gundi ndio ishikilie, mikono yangu iwe ya kuonwa na wageni?"

"Si hivyo."

"Juzi nimemwambia mama kuna mtu anaamini kazi ya mikono yangu. Siku hiyo hiyo wewe uko hapa na kopo."

Alivaa viatu bila kufunga kamba zake, akavuka mtaro. Mbuvi alimpigia mara sita siku hiyo. Simu hazikushikwa.

Jumanne aliamua kuthibitisha kwamba alikuwa na haki. Alikata pipa la plastiki kwa urefu, akalijaza maji, akautia mtepe kokoto za kilo tano na kuushusha. Baada ya dakika kumi na mbili maji yalianza kuingia. Baada ya dakika arubaini yalifika kina cha vidole vinne, meupe kama maziwa. Gundi ilikuwa imeyeyuka, na pale ilipokuwa imeganda ilikuwa imezizuia mbao zisikutane, kwa hiyo kamba haikuwa na cha kukaza. Ushahidi ulikuwa wazi. Alitoa kokoto, akachukua wembe, akaanza kufumua. Ilimchukua siku hiyo na Jumatano nzima. Kwa mkataba, zilibaki siku nane.

Alhamisi tarehe 5, saa nne asubuhi, aliingia saluni Kawangware. Wateja walikuwa wanne. Mwenye saluni, mama mnene aitwaye Wangoi, alimtazama kutoka kwenye viatu hadi kichwani.

"Huyu ndiye wa gundi?"

"Ndiye," alisema Daisy, bila kuacha kusuka.

"Anataka tumfanyie nini? Kichwa hakina kitu."

Wateja walicheka. Mbuvi alingoja wamalize.

"Nimeuweka kwa maji," alisema. "Umejaa ndani ya dakika arubaini. Gundi ndiyo iliyoharibu, si mishono. Nimefumua yote. Nilikosea, na nikakuficha. Hayo ni makosa mawili."

"Amehesabu," alisema Wangoi.

Daisy alimaliza rasta moja mpaka nchani. "Umemwambia mwenye kazi?"

"Audrey? Bado."

"Mpigie. Weka spika."

Mbuvi alipiga. Mashine ya kukausha nywele ilizimwa ili watu wasikie. Alimweleza Audrey kuhusu pengo, gundi na maji, kwa mpangilio huo.

"Fundi, ungenyamaza nisingejua," sauti ya Audrey ilisema. "Kwa nini unaniambia?"

"Anayeushona amesema nikuambie."

"Kwani si wewe unayeushona?"

"Mimi nakata mbao. Anayeshona ni Daisy Amolo. Ni msusi, Kawangware."

"Alhamisi ijayo saa sita adhuhuri," Audrey alisema. "Ukichelewa, hiyo meza ya maonyesho nampa mwingine." Akakata.

"Mwezi mzima hata hakuwa anajua niko," alisema Daisy.

"Sasa anajua."

Daisy alipangusa mikono. "Nitashona. Lakini siji Raila. Lete mbao hapa, na upande mmoja utaushona mwenyewe. Na usinielewe vibaya. Hiyo ni ya meli. Yako na yangu bado naifikiria."

Saa nane mchana Mbuvi alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia gunia la mbao. Kwa siku sita mtepe ulijengwa kwenye kona ya saluni, kati ya sinki na rafu ya mafuta ya nywele. Wateja waliokuwa wakingoja zamu walishika mbao bila kuombwa. Wangoi aliwaambia wapita njia kwamba saluni yake imeanza kusuka meli. Daisy alishona kulia, Mbuvi kushoto, na siku ya kwanza Daisy alimfumulia mara nne.

Jumapili baada ya kanisa walikuwa wawili tu. Daisy bado alikuwa na gauni la kanisani, jeupe, na taulo mapajani kulikinga.

"Kwa nini hukuniambia iliachana?" aliuliza.

"Niliogopa."

"Kuogopa nini? Mimi naumaga watu?"

"Kwamba ukiona pengo utasema haiwezekani. Alafu Jumatatu huji tena."

"Kwa hivyo ulinidanganya ndio nirudi?"

"Ndio."

"Huo ni ujinga, Mbuvi."

"Ndio."

Daisy alitazama mkono wa Mbuvi uliokuwa umeshika kamba. "Vuta. Si hivyo, utapasua. Kidogo. Haya, rudi mwanzo." Baadaye, bila kuinua macho: "Na nilikuwa nitarudi. Hata ingeachana yote."

Alhamisi tarehe 12, saa tano na dakika arubaini, waliingia katika ukumbi wa maonyesho. Audrey, mwembamba, mwenye miwani na suti ya kijivu, aliwapa wote wawili mkono, akaanza na Daisy. Mtepe ulishushwa majini saa sita kamili.

Dakika ya tano, kiungo kimoja upande wa kushoto kilitoa tone. Dakika ya kumi na tano yalikuwa matone kwenye viungo vitatu, na sakafu ya mtepe ilikuwa imelowa. Mbuvi alisogea mbele.

"Wacha," alisema Daisy.

"Unavuja."

"Mbao zinakunywa. Zikishiba zitafura. Wacha zikutane."

"Na zisipokutana?"

"Tutaona pamoja."

Alimshika kifundo cha mkono na hakumwachilia. Dakika ya ishirini na sita matone yalipungua. Dakika ya thelathini na tatu yalikoma. Saa saba kamili Audrey aliingiza kitambaa ndani ya mtepe, akakikamua kwenye glasi. Kilitoa vijiko viwili vya maji. Akaandika kijitabuni na kusema, "Nauchukua."

Kwenye ngazi za nje Daisy alipepea uso wake kwa bahasha ya malipo. Mbuvi alisimama ngazi moja chini yake, kwa hiyo macho yao yalikuwa sawa.

"Daisy, nataka tuoane. Sijui kama tutaweza. Kukiwa na pengo, utakuwa wa kwanza kujua."

"Hiyo ndiyo proposo yako? Pengo?"

"Ndiyo ya kweli niliyo nayo."

"Aki wewe." Alikuwa akicheka na macho yamelowa. "Sawa. Nimekubali. Lakini Jumapili uje nyumbani umwambie mama mwenyewe kuhusu gundi."

"Gundi tena? Si nimwambie kuhusu kuoana?"

"Gundi kwanza, mpenzi. Akikusikiliza mpaka mwisho, ndio uendelee na hiyo nyingine."

Jumapili tarehe 15 Machi, saa saba na nusu, Mbuvi alibisha mlango wa kina Daisy, Kawangware, akiwa na koti la kuazima na mkungu wa ndizi. Mezani palikuwa na samaki na ugali, na sahani mbili tu, ya Daisy na ya mama yake. Aliketi alipoonyeshwa, akaeleza kila kitu kuanzia ile milimita moja. Mama Daisy hakumkatiza. Saa nane na dakika tano aliinuka, akaenda kabatini, akaleta sahani ya tatu.