Kompyuta Iliyokataa Flashi

Ijumaa, saa mbili na dakika kumi asubuhi, fundi Kipkemboi aliwasha kompyuta ya kituo cha mafuta na mluzi wake ukakatika katikati. Gentrix, msichana wa kufungua na kufagia duka, aliyekuwa akipangusa kaunta, aliacha kitambaa. Fundi hakuwa mtu wa kukatiza mluzi ovyo.

"Nani ameiwekea Windows mpya?" Kipkemboi aliuliza polepole. "Diski ni tupu. Video hakuna."

Jumanne jioni trekta la miwa lilimgonga na kumuua Winrose, muuza mboga, mbele ya kituo hicho, likaenda zake bila hata kupunguza mwendo. Kamera ya kituo ilinasa yote. Jumatano kompyuta ikagoma kuwaka. Alhamisi ikaletwa hapa Lurambi, dukani kwa Willis, itengenezwe bila kuigusa ile sehemu ya diski yenye video. Polisi walikuwa waje kuichukua saa tatu.

Walikuja saa tatu kamili. Sajini Chepkemoi aliingia na Titus, msimamizi wa kituo cha mafuta. Willis, mwenye duka, akafunga mlango nyuma yao.

"Flashi hii ya kuwekea Windows ni ya nani?" Sajini aliuliza.

"Ni yangu," alisema Kipkemboi. "Niliiacha imechomekwa jana. Lakini jana ilikataa, madamu."

"Ilikataa vipi?"

"Kompyuta haikuiona. Nikabadilisha tundu, ikakataa. Nikaiandaa flashi upya, ikakataa. Nikaijaribu kwa laptopu ya duka, ikawaka mara moja. Kwa hivyo flashi ilikuwa nzima. Shida ni kompyuta: imepangwa isiwake kwa flashi, na ukitaka kuubadilisha mpango huo inaulizia neno la siri. Nikampigia Titus."

"Nikamwambia silijui," Titus alisema. "Aliyeliweka aliacha kazi."

"Basi tukafunga, saa kumi na mbili kasoro," Kipkemboi alimalizia.

Sajini aliinamia kioo. Windows mpya ilikuwa imejiandikia saa yake ya kuwekwa: saa moja kasoro dakika nane, asubuhi ya leo.

"Saa hiyo ulikuwa wapi, fundi?"

"Huyo alikuwa kwake Matungu," Willis alidakia. "Alinipigia kwa video anionyeshe ndama wake mgonjwa. Nusu saa nzima naangalia pua ya ndama. Muulize mke wangu, chai ilipoa. Madamu, ufunguo analalanga nao huyu msichana."

Macho yote yakamgeukia Gentrix. Akaficha mikono ndani ya leso.

"Ulifungua saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Nikafagia kidogo, nikaenda mferejini na ndoo mbili. Naendanga kila asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, nikarudi saa moja na robo."

"Mlango ulifunga?"

"Niliurudishia tu."

"Nani alikuona mferejini?"

"Watu walikuwepo, madamu. Lakini pale kila mtu anaangalia ndoo yake."

"Ameishia darasa la nane," Titus alicheka kidogo, "na anashinda amesimama nyuma ya fundi kama mwanafunzi wa chuo. Ameshika-shika asichokijua, akafuta. Ama amelipwa."

Sajini alitoa pingu, akaziweka juu ya kaunta taratibu. Gentrix aliziangalia. Alimfikiria mama yake kule Musanda akipelekewa habari kwamba bintiye yuko seli kwa kumficha aliyemuua mtu. Miguu ilitaka kukimbia, lakini kukimbia kungekuwa kukiri. Akajilazimisha kufikiri kwa utaratibu, jinsi alivyozoea kumtazama fundi akifanya: jaribu kitu kimoja, kiondoe, nenda kwa kingine.

"Madamu, naomba nimuulize Kipkemboi. Hiyo kompyuta sasa inawaka kwa flashi?"

Kipkemboi aliijaribu. Iliwaka kwa flashi bila kusita.

"Kwa hivyo mpango umebadilishwa," Gentrix alisema. "Mtu asiye na neno la siri anaweza kuubadilisha?"

"Kuna njia moja. Unafungua kasha, unatoa betri ndogo ya ndani, mipango yote inafutika. Na neno la siri linafutika pia."

"Kasha lina karatasi ya muhuri ya kituo. Haijachanika, madamu, angalia. Na wewe Kipkemboi, ingia kwa mipango uone kama bado inauliza."

Kioo kikageuka cheusi, kikaomba neno la siri.

Sajini alizirudisha pingu mkononi, bila kusema za nani. "Aliyefanya hivi hakukisia, alilijua. Titus, aliyeacha kazi anaitwa nani?"

"Quinter. Lakini alihamia Lugari, simu yake siku hizi haishiki..."

"Nipe namba."

Simu ilishika. Sajini aliiweka sauti juu na kuuliza kuhusu neno la siri.

"Si nilimkabidhi Titus?" alisema Quinter. "Nililiandika kwa kitabu cha makabidhiano siku ninaondoka. Akaweka sahihi. Kitabu kiko kwa mdosi, mwenye kituo."

Titus alitazama mlango. Willis alikuwa ameuegemea.

"Jana uliileta kompyuta mwenyewe, saa moja kasoro," Gentrix alimwambia, bila kuweza kumtazama usoni. "Nilitoka mferejini nikakukuta umekaa ndani, unaningoja. Ukajua mlango huachwa wazi saa gani."

"Trekta ni la nani, Titus?" Sajini aliuliza.

Titus alikaa kwenye kiti cha wateja. "La ndugu yangu," alisema. "Osundwa. Alikuja kwangu usiku huo analia. Mimi ndiye niliyeiharibu kompyuta Jumatano. Ningefuta video pale kituoni, ningeulizwa mimi. Ikifutikia kwa fundi, fundi ndiye mjinga. Ila huyu fundi akasema ataihifadhi. Ikabidi nimcheleweshe kwa kumnyima neno la siri, nirudi mwenyewe."

"Usiiwashe tena," Sajini alimwambia Kipkemboi. "Diski inaenda kwa wataalamu. Pengine kuna kitakachookolewa."

Pingu zilifungwa. Walipompitisha karibu na kaunta, Titus alisimama hatua moja kutoka kwa Gentrix. Hakupandisha sauti.

"Mukhana, msichana wewe, Osundwa anabeba miwa ya Musanda kila siku. Utakuwa unaenda kwenu kwa barabara gani?"

Gentrix alishika ukingo wa kaunta hadi vidole vikauma. Sajini alikuwa amefungua daftari, akaanza kuandika taarifa ya shahidi. Alimwuliza kama ana lingine la kuongeza, au atie sahihi hapo.

"Liko moja," alisema Gentrix. "Andika na hilo alilosema sasa hivi, madamu. Ndio nitie sahihi."