Sauti Iliyomjibu Mzee

Ukurasa wa mtandaoni ulisema mlango wa chumba cha mzee umefunguliwa mara kumi na moja tangu adhuhuri, na Mtambo alikumbuka vizuri kwamba yeye ameufungua mara moja tu, alipopeleka chakula. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa dukani kwake mpaka jioni. Mzee mwenyewe, babake, asingeweza: kiharusi kilimchukua miguu, na macho yalikwisha kwenda kabla ya hapo. Mtambo akasema sumaku ya kitambuzi cha mlangoni imelegea. Akaikaza kwa bisibisi, akarudi stoo kwenye nyaya zake.

Mtambo ni jina alilopewa na wanafunzi wake wa hesabu, naye alilipenda kuliko la kuzaliwa. Akitoka kufundisha saa saba hujifungia stoo. Nyumba nzima aliitegea vitambuzi: kimoja kinapima maji ya tangi, kingine joto la jikoni, kingine kinajua mlango upi umefunguliwa, na vyote vinaandika habari zao kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, ambako watu asiowajua, wa miji asiyoijua, humwagia sifa. Nyumbani hakuna aliyemsifu, na hilo lilimkera kimoyomoyo.

Mzee alitengenezewa kengele, kitufe kikubwa kando ya mto. Tatizo ni kwamba alikitumia. Maji. Mto umeteleza. Kuna nzi. Na mara nyingi hakuna kitu, "Njoo tu ukae, mwanangu." Siku moja kengele ya saba ilimkuta Mtambo na chuma cha kuchomelea mkononi, kikiwa cha moto, akapata wazo ambalo mtu mwenye haya angelitupa. Akarekodi sauti yake ikisema, "Nakuja, baba." Akairekodi kwa namna tatu ili mzee asishtukie: moja ya haraka, moja ya uchovu, moja ya upendo. Hiyo ya upendo ilimsumbua. Aliirudia mara tisa. Tangu hapo mzee akibonyeza, spika ya ukutani inajibu, na bwana mkubwa anaendelea na mambo yake. Aliyaeleza haya kwenye ukurasa. Watu themanini wakampongeza.

Na kweli mzee akatulia.

"Leo umenikata kucha vizuri," alimwambia Mtambo jioni ile ya sumaku. "Hata mama yako hakuwa na mkono mwepesi hivyo. Ila mikono yako imekuwa baridi, mwanangu. Unaumwa?"

Mtambo akatazama. Kucha zilikuwa zimekatwa kweli, zote, na vipande vimepangwa kwenye ukingo wa dirisha, kuanzia kikubwa hadi kidogo. Chumba kilinuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Nani aliingia humu, baba?"

"Si wewe?" Mzee alicheka. "Siku hizi ukisema unakuja, unakuja."

Kesho yake Mtambo akaweka kamera. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, majirani wanaanika nguo, mchana wa kawaida kabisa. Kengele ikalia, sauti yake ikajibu kwa upendo, ukurasa ukaandika kwamba mlango umefunguliwa, na kwenye kioo cha kompyuta akauona mlango wenyewe ukifunguka polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejua kuna mgonjwa, na hapakuwa na mtu, kisha kichwa cha babake kikainuka kutoka kwenye mto kikaegemea hewani, glasi ikatoka mezani ikamfuata mdomoni, mzee akanywa, akafutwa kidevu, akacheka kwa jambo aliloambiwa sikioni, na ubavuni mwake godoro likabonyea, likazidi kubonyea, mpaka Mtambo akaelewa kwamba kitu kizito kimejilaza pale kimemkumbatia babake, na kwamba shavu la mzee limebanwa na shavu lisiloonekana.

Alikimbia ukumbini, akaingia, akamkuta mzee peke yake anatabasamu. Akang'oa spika, akakata nyaya, akabeba kitufe na spika mpaka stoo na kuviweka mezani mbele ya macho yake. Basi mzee, alipopapasa asikione kitufe, akaita kwa mdomo.

"Mwanangu!"

Mtambo alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Hapo ukumbini, hatua chache kutoka mlango wa stoo, sauti yake mwenyewe ikaitika.

Mkewe alimkuta jioni amekaa ngazini, nje. Akamsimulia yote kwa kunong'ona, spika na kengele na godoro.

"Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizo baba akiita?" mke aliuliza.

"Stoo."

"Stoo! Hatua kumi!"

Mke akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kumtafuta mkunga mmoja mstaafu ambaye watu humwendea kwa mambo yasiyopelekwa hospitali.

Mkunga alikuja kesho yake baada ya chakula cha mchana. Aliisikiliza ile rekodi mara moja tu, akavua miwani.

"Huyu jini hakuitwa," alisema chini chini. "Uliacha ahadi bila mwenyewe. Ameiokota, anaitimiza. Sasa anadai nafasi ya mtoto humu ndani."

"Mtoe, mama."

"Nafasi ni moja, mnaigombea wawili. Mzee ataulizwa mwanawe ni yupi. Asiyetajwa atatoka, na kizingiti hiki hatakivuka tena. Una hakika na babako?"

"Mimi ndiye mwanawe wa pekee."

"Sijakuuliza hilo."

Lakini Mtambo alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Mikono ya yule ni baridi. Akaenda jikoni, akaloweka yake kwenye maji ya moto.

Mkunga akamweka Mtambo kulia kwa kitanda. Kushoto hapakuwa na kitu ila ule udongo puani. Mzee akanyoosha mikono. Wa kulia ukashikwa na Mtambo, wa kushoto ukafumbatwa hewani na vidole vyake vikabanana. Mke alisimama mlangoni, amejishika kifua.

"Mzee," mkunga alisema, "wako wawili. Mwanao ni yupi?"

Mzee alipapasa ule mkono wa moto, kidole kwa kidole, akapita juu ya makovu ya kuungua.

"Huyu ndiye niliyemzaa," alisema, na Mtambo akaangua kilio cha ahueni. "Namjua. Nimepoteza macho, sijapoteza masikio. Ulidhani babako hawezi kutofautisha mtu na sanduku? Nilijua siku ile ile ya kwanza. Nikawa nabonyeza hivyo hivyo, nikisema labda leo aibu itamleta. Nimejikojolea humu nikikusikia ukutani unanipenda."

"Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe." Akauachia mkono wake. "Ila mwanangu ni huyu anayekuja."

"Rudisha neno hilo, mzee!" mkunga alipaza sauti. "Unajua huyo ni kitu gani?"

"Najua. Nimekaa naye."

Hakuna aliyemgusa Mtambo, lakini sakafu ilimkimbia miguuni, akashika kitanda kikamponyoka, akashika fremu ya mlango, akashika bega la mkewe ambaye hakugeuka, ukumbi ukapita, stoo ikapita na taa zake zote zinawaka, kizingiti, ngazi, na mlango ukafungwa akiwa nje juani. Alipiga ngumi, zisitoe mlio. Akazunguka dirishani. Ndani, mwanamume aliyevaa shati lake alikuwa ameinama kumfunika mzee shuka. Mke akamkimbilia akamkumbatia, akashtuka kidogo, labda kwa ubaridi, kisha akamkumbatia tena. Mkunga peke yake ndiye aliyeinua macho akamwona Mtambo kwenye kioo. Akafunga pazia.

Siku tatu alipiga kelele mtaani, na watu wakapita. Njaa haikumuuma, kiu haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyemwita. Siku ya nne, nyumba ya tatu kutoka kwake, bibi mmoja mgonjwa alimwita binti yake, akamwita tena. Binti akaitika, "Nakuja," kutoka chumba cha pili, hakunyanyuka. Mtambo alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaingia.