Tisini na Sita ya Kanku

Asubuhi ile mtaa wetu wa Dilala, katika mji wa migodi, ulikuwa shwari. Kanku alikuwa kibandani pake akitengeneza betri, na majirani walipita wakimsalimu, maana kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Ndipo akaja mzee Barnabé na betri ya feni yake.

Jamani, Barnabé mnamjua. Mwaka wa tisini na tatu, kampuni ya migodi ilipoporomoka na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakafukuzwa kama mbwa, ndiye aliyetupa vyombo vya baba yake Kanku nje, akahamia katika nyumba yao. Baba alifia stesheni akingoja treni. Kanku alikuwa na miaka minane. Mzee hakumkumbuka, lakini Kanku alimtambua hata kabla hajakaa. Moyo ukamruka kwa furaha, na furaha ile ilikuwa mbaya.

Barnabé alikodisha feni ya kuwapelekea wachimbaji hewa shimoni. Betri yake ilikuwa imechoka. Ndani mna chipu ndogo inayopima chaji; ukiianzisha upya, inasahau yote na kukisia tu kwa umeme inaoukuta saa hiyo. Fundi mwaminifu huipumzisha betri kwanza, kisha huijaza na kuimaliza kabisa, ili chipu ijifunze ukweli. Kanku aliijua kazi hiyo vizuri. Akaianzisha upya mara tu alipoitoa kwenye chaji, ikaandika tisini na sita.

"Imejaa, tata," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Itafika jioni."

Hakutaka mtu afe. Alitaka feni izime, wachimbaji wakasirike, wamfukuze mzee kama alivyofukuza wengine. Alijiambia ni haki yake, na msiniambie ninyi hamjawahi kujiambia hivyo.

Sasa, wachimbaji wale wana desturi yao. Mmoja hubaki juu akiwasomea walio chini namba ya betri; ikifika thelathini, wote hupanda. Siku ile alisoma tisini, akasoma themanini na tano, halafu feni ikazima ghafla. Wawili walipanda wakitambaa. Mulumba, baba wa watoto wawili, alitolewa maiti. Kanku, aliyemfahamu, alidhani Mulumba bado anachimba kwenye mgodi wa mbali wa Fungurume.

Kisasi kilitimia chote. Wachimbaji walitupa vitu vya Barnabé barabarani, wakamfukuza yeye na mkewe Charlotte hadi nje ya mji, kwenye njia iendayo Mutshatsha. Kanku alitazama, asione utamu wowote.

Kwenye kilio alimkuta mama yake Mulumba, Tshibola, yule yule aliyemgawia uji pale stesheni alipofiwa na baba.

"Mutoto wangu, wewe unajua hizi bitu," mama alimwuliza. "Batri ilisema tisini na sita. Mulumba amekufa namna gani?"

"Mama, ile namba ilikuwa ya kukisia. Mi nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilimlenga Barnabé."

Tshibola alifunga kitenge chake vizuri, akawaomba wanawake wampishe Kanku atoke, na wasimfungulie mlango tena.

FUNZO

Hasira hasara, ndugu zangu. Aliyedhulumiwa ana haki ya kulia na kushtaki hadharani, tena kwa jina la mtu. Lakini ukificha kisasi ndani ya kazi ya mikono yako, hutachagua kitamwangukia nani. Nanyi mnaolala katika nyumba za waliofukuzwa, msidhani kosa la Kanku limewaosha.